Umeme, moshi na pato: jibu kwa mwenye mashine ya kusaga wa Kilosa

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina mashine ya kusaga na kukoboa hapa Kilosa. Miaka mingi nilitumia injini ya dizeli, sasa nimefunga mota ya umeme. Redioni nasikia mambo mawili yasiyopatana. Huyu anasema nchi haiwezi kuendelea bila kutumia nishati nyingi zaidi. Yule anasema tukitumia nishati nyingi tunaongeza hewa ukaa inayoharibu tabianchi. Tushike lipi? Na kipi hutangulia, umeme au maendeleo? La mwisho ni langu binafsi: ile injini ya dizeli niiuze?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na jibu, maelezo yafuate. Wote wawili uliowasikia wamesema kweli. Uchumi unaokua hula nishati zaidi, na nishati hiyo ikitoka kwenye mafuta, gesi au makaa ya mawe, hewa ukaa nayo huongezeka. Ila nishati na hewa ukaa ni vitu viwili, na vinaweza kuachana njiani. Wewe mwenyewe ulivitenganisha siku ulipoutoa mkanda kwenye injini ukaufunga kwenye mota. Unga ni uleule na wateja ni walewale, lakini moshi umekwisha, au umepungua. Hiyo "au" ndiyo yenye mambo.

Tupige hesabu ya mashine yako. Injini ya dizeli ya hosipawa 20, yaani kama kilowati 15, ikibebeshwa mzigo sawasawa hunywa lita nne hadi tano kwa saa. Kila lita ya dizeli ikiungua hutoa kama kilo 2.7 za hewa ukaa. Watu hunibishia hapa: lita moja haifiki hata kilo, hizo kilo mbili na ushee zimetoka wapi? Zimetoka hewani. Kaboni iliyomo kwenye mafuta hushikana na oksijeni wakati wa kuungua, na oksijeni ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito. Kwa hiyo saa moja ya kusaga kwa dizeli ni kilo 12 hivi za hewa ukaa. Mota ya nguvu hiyohiyo itakula uniti 16 au 17 kwa saa; uniti moja ni kilowati moja ikitumika saa nzima. Zikitoka kwenye mitambo ya gesi asilia, kama ile ya Kinyerezi na Ubungo, kila uniti imebeba kama nusu kilo, jumla kilo nane. Zikitoka kwenye maji ya bwawa la Kidatu, karibu hakuna kitu.

Umeme wa gridi huja umechanganyika, na Luku, ile mita ya kulipia kabla, haikuambii umetoka wapi. Lakini mchanganyiko wenyewe unabadilika. Kwa miaka kadhaa gesi ya Songo Songo na Mtwara ndiyo iliyotoa zaidi ya nusu ya umeme wetu. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji ulianza kuingiza umeme kwenye gridi, na mitambo yote tisa, kila mmoja megawati 235, inafanya jumla ya megawati 2,115. Maana yake, debe unalosaga leo lina hewa ukaa kidogo kuliko debe la 2023, na wewe hukugusa hata skrubu moja ya mota yako. Ukinielewa hapo, umeelewa nusu ya somo lote.

Nusu ya pili aliipanga Mjapani mmoja, Yoichi Kaya, kwa hesabu ambayo hadi leo hutumika duniani kote. Alisema hewa ukaa ya nchi ni zao la namba nne zinazozidishwa: idadi ya watu, pato la kila mtu, nishati inayotumika kwa kila shilingi ya pato, na hewa ukaa iliyomo katika kila kipimo cha nishati. Iweke kwenye biashara yako: wateja wangapi, kila mmoja analeta madebe mangapi, kila debe linakula nishati kiasi gani, na nishati hiyo ina moshi kiasi gani. Mbili za kwanza ndizo riziki yako, hutaki zipungue. Za kupunguza ni mbili za mwisho.

Sasa iweke Tanzania nzima. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu milioni 61.7, na tunaongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka. Tukitaka pato la kila mtu nalo lipande, tuseme kwa asilimia tatu tu, uchumi mzima unakua kwa zaidi ya asilimia sita. Ili hewa ukaa isipande hata kidogo, namba mbili za mwisho zingepaswa kushuka kwa asilimia sita kila mwaka, mfululizo. Sijaona nchi iliyoweza hivyo kwa muda mrefu. Kwa hiyo nakwambia bila kuzunguka: hewa ukaa itokanayo na mafuta na gesi hapa kwetu itaongezeka kwa miaka mingi ijayo, na anayeahidi vinginevyo hajapiga hesabu.

Je, hilo ni kosa? Pima mwenyewe. Mtanzania mmoja, kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe, hutoa kama robo tani ya hewa ukaa kwa mwaka. Wastani wa dunia ni tani 4.7 hivi. Mmarekani ni kama tani 14. Kila mmoja wetu akitoa mara tatu ya anachotoa sasa, bado hatutafika moja ya sita ya wastani wa dunia. Kwa umeme ni vivyo hivyo: ukigawanya uniti zote za nchi kwa watu wote, kila mmoja hupata uniti mia moja na kitu, labda mia mbili, kwa mwaka mzima. Marekani ni zaidi ya 12,000. Kumwambia mtu wa namna hiyo apunguze matumizi ni dhuluma, na nalisema hilo kila ninapopewa nafasi.

Ukaniuliza kipi hutangulia, umeme au maendeleo. Wachumi wameligombea swali hili tangu 1978, pale Kraft wawili, John na Arthur, walipotazama takwimu za Marekani za baada ya vita wakaona kwamba uchumi ndio uliovuta nishati, si nishati iliyovuta uchumi. Kipimo walichotumia kilikuwa cha aina aliyobuni Mwingereza Clive Granger, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2003. Wazo lake ni jepesi: nikijua nishati ya mwaka jana, je, nitabashiri uchumi wa mwaka huu vizuri zaidi kuliko nisipoijua? Kama ndiyo, nishati husemwa kuwa "inasababisha" uchumi.

Kwetu majibu yalikuja tofauti. Mtafiti Ebohon, mwaka 1996, alipima Tanzania na Nigeria akakuta mshale unaelekea pande zote mbili: nishati huvuta uchumi, uchumi nao huvuta nishati. Mtafiti mwingine, Odhiambo, mwaka 2009, alichukua takwimu za Tanzania za kuanzia 1971 hadi 2006, akakuta nishati ndiyo iliyotangulia. Tofauti hii ina uzito katika sera. Kama nishati ndiyo inayovuta, basi kubana matumizi ya nishati katika nchi kama yetu ni kuubana uchumi wenyewe. Kama uchumi ndio unaovuta, unaweza kubana nishati bila kuuumiza sana.

Mimi nasimama karibu na Ebohon, na nina sababu. Kipimo cha Granger hutazama kilichotangulia, nawe unajua kwamba hata jogoo asipowika kutakucha. Kutangulia peke yake hakutoshi. Nimewahi kulala katika kijiji kilichofikiwa na nguzo, nyumba niliyofikia imeunganishwa kwa zile shilingi 27,000 za vijijini. Ndani kulikuwa na balbu mbili, redio na chaja ya simu. Luku ya shilingi elfu mbili iliwavusha mwezi na zaidi. Ugali ulipikwa nje, mafiga matatu na kuni mbichi, mama wa nyumba akipuliza moto huku machozi yanamtoka. Katika nyumba ile umeme ulikuwa umefika, uchumi bado. Mita mia tatu kutoka pale palikuwa na kijana wa kuchomelea mageti, na jirani yake muuza samaki aliyekuwa na friza moja. Hao wawili walikula umeme kuliko mtaa mzima, na ndio waliokuwa wanaajiri watu. Nishati huleta pato pale inapofungwa kwenye kazi, na kazi ikizaa pato huja kuomba nishati zaidi. Mshale unakwenda na kurudi.

Hapa pana mtego ambao wataalamu hupenda kuutaja. Mwaka 1865, Uingereza, mchumi William Stanley Jevons aliona kwamba injini za mvuke zilipotengenezwa vizuri zaidi zikala makaa kidogo kwa kazi ileile, matumizi ya makaa ya nchi nzima hayakupungua, yalipanda. Kazi iliyokuwa ghali ikawa rahisi, basi watu wakaifanya zaidi. Nadhani nawe uliliona: kusaga kulipokuwa nafuu, waliokuwa wanatwanga nyumbani wakaanza kuleta mahindi mashineni, na jumla ya nishati ya kusaga hapo mtaani ikapanda. Wapo wanaolihesabu hilo kuwa hasara. Mimi siungani nao. Kila debe lililohama kutoka kwenye kinu na mchi hadi kwako ni saa ya mama au binti iliyookolewa. Katika nchi iliyoshiba, mtego wa Jevons unaweza kuwa tatizo. Kwetu ndio maendeleo yenyewe.

Nikuombe sasa utoe macho kwenye mota uyapeleke jikoni, kwa sababu moshi mkubwa wa Tanzania uko huko. Kaya zaidi ya nane katika kila kumi hupikia kuni na mkaa. Tanuri la udongo la kienyeji hutaka kilo sita hadi kumi za kuni ili kutoa kilo moja ya mkaa; sehemu kubwa ya nguvu ya mti huishia porini kabla gunia halijafungwa. Takwimu za serikali ambazo hutajwa mara nyingi zinasema nchi hupoteza kama hekta 469,000 za misitu kila mwaka, na mashamba mapya na mkaa ndivyo vinavyoimaliza. Ndiyo maana nikisema Mtanzania hutoa robo tani kwa mafuta na gesi, sijasema yote. Ukiongeza misitu inayokatwa, picha inageuka kabisa: kwetu hewa ukaa nyingi hutoka ardhini na kwenye miti, si kwenye bomba la gari wala bomba la kiwanda.

Hapo ndipo ule ugomvi wa redioni unapolainika. Katika nchi tajiri, nishati zaidi kwa kawaida ilimaanisha moshi zaidi. Kwetu, uniti zaidi za umeme au mitungi zaidi ya gesi inaweza kumaanisha moshi kidogo, kwa sababu inachukua nafasi ya mkaa. Jiko la umeme la presha huivisha maharage kwa uniti isiyofika moja. Linganisha na mkaa wa kuchemshia sufuria hiyohiyo saa tatu. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Ni lengo kubwa, na kwa maoni yangu ndilo lenye faida kubwa kuliko mengine yote yanayohusu hewa ukaa nchini, ingawa halina mvuto wa picha kama bwawa.

Wala mkaa wote si adui. Hapo hapo wilayani kwenu, vijiji kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwa viliingia kwenye mradi wa mkaa endelevu ulioanza 2012. Msitu wa kijiji hugawanywa vitalu vidogo, kila kitalu huvunwa zamu yake kisha huachwa kipumzike miaka 24, visiki vichipue tena. Ushuru ukaingia kwenye mfuko wa kijiji, ukajenga madarasa na kulipia huduma za afya. Mti ukiota tena, hewa ukaa iliyotoka hurudi shinani. Usipoota, imebaki angani. Kama una wateja wanaotoka vijiji hivyo, waulize, watakueleza vizuri kuliko mimi.

Wenzetu wa mbali tuwapitie kwa haraka. Uingereza ilianza kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe mwaka 1882 na ilizima mtambo wake wa mwisho Septemba 30, 2024. Tangu 1990 hewa ukaa inayotoka ndani ya mipaka yake imepungua kwa karibu nusu, huku uchumi ukikua kwa zaidi ya asilimia 70. Kwa hiyo kamba inayofunga uchumi na moshi inaweza kukatika. Ila sehemu ya moshi ule ilihama: chuma na bidhaa nyingi walizokuwa wanatengeneza wenyewe sasa hununuliwa kutoka nje, moshi wake ukiandikwa kwenye daftari la mwingine. Daftari hilo mara nyingi ni la China, ambayo ilitoa mamia ya mamilioni ya watu wake kwenye umaskini kwa makaa ya mawe, na leo hutoa karibu theluthi moja ya hewa ukaa yote duniani. China hiyohiyo ndiyo iliyofunga zaidi ya gigawati 200 za umeme wa jua katika mwaka mmoja wa 2023, na ndiyo iliyoshusha bei ya paneli hadi zinauzwa Kariakoo. Njia yake ya makaa hatuna haja ya kuifuata. Paneli zake tununue.

Liko pia jambo la soko. Kuanzia Januari 2026 Umoja wa Ulaya unatoza malipo ya kaboni mpakani kwa saruji, chuma, aluminiamu, mbolea na bidhaa nyingine chache. Kiwanda kitakachojengwa hapa kwa umeme wa maji au wa jua kitaingia soko lile kikiwa na mzigo mwepesi kuliko kile cha makaa ya mawe. Usafi wa nishati umeanza kuhesabiwa kwenye bei, na hilo litawaamsha wengi ambao hotuba hazikuwaamsha.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba mambo huanzia kwenye nishati, yapite kwenye uchumi, yaishie kwenye hewa. Lakini hewa nayo hujibu. Wewe ni mtu wa Morogoro, mkoa unaolisha nchi umeme wa maji: Kidatu megawati 204, Kihansi 180, na bwawa jipya ambalo maji yake hupita kwenu. Unakumbuka mgao wa 2006 na wa 2011? Mvua zilikatika, maji ya bwawa la Mtera yakashuka mno, umeme ukakatwa kwa zamu. Wenye saluni na karakana walinunua jenereta, na uniti ya jenereta ndogo ina gharama na moshi zaidi kuliko uniti ya gridi. Tazama mzunguko wake: ukame unaondoa maji, maji yakiondoka umeme nao unaondoka, jenereta zinaongeza moshi, pato linashuka. Mwaka 2024 Zambia, inayotegemea maji kwa sehemu kubwa ya umeme wake, iliingia kwenye mgao mzito kwa sababu ya ukame, na uchumi wake ukapigwa. Dunia inavyozidi kupata joto, mvua zetu zinakuwa za kubahatisha, na nchi iliyoweka mayai yote kwenye mabwawa itakuwa inacheza na anga.

Ndiyo maana mimi, ninayetetea umeme safi, sioni aibu kutetea gesi yetu asilia kama mlinzi wa mabwawa. Mwaka wa mvua, gesi ikae. Mwaka wa ukame, iwake. Wakati huo tuongeze jua na upepo wa Singida, na tuchimbe joto ardhi, yaani mvuke wa moto ulioko chini ya ardhi. Wakenya walianza kuutumia kuzalisha umeme pale Olkaria mwaka 1981, na leo mvuke ule, pamoja na maji na upepo wa Turkana, huwapa karibu uniti tisa safi katika kila kumi. Mvuke wa ardhini haujui kiangazi. Bonde la Ufa ni letu pia, na kule Ngozi, Mbeya, utafiti unaendelea. Na ile treni ya umeme inayopita Kilosa yako kwenda Dodoma ni mfano mzuri wa mambo haya yote kwa pamoja: mzigo na abiria waliokuwa wanakunywa dizeli barabarani sasa wanakwenda kwa umeme, lakini siku gridi ikitetereka, nayo inasimama.

Sasa injini yako. Usiiuze kwanza. Gridi imeimarika lakini bado hukatika, na mteja aliyekuja na debe kichwani kutoka kilomita sita hatakiwi kurudi nalo. Iweke kama akiba. Iwashe mara moja kwa mwezi kwa nusu saa ikiwa na mzigo, ibadilishie oili hata kama haijafanya kazi nyingi, na usiache dizeli ilale kwenye tanki miezi na miezi, itaweka maji na uchafu. Siku utakapoona miezi 12 imepita bila kuihitaji, hapo itafutie mnunuzi, ikiwezekana mtu wa kijiji ambacho umeme wa njia tatu, ule wa kuendesha mota kubwa, haujafika.

Kwa mota, lipo la kufanya wiki hii. Mashine nyingi za nyundo ninazokuta zinakula uniti za bure kwa sababu nyundo zimechakaa upande mmoja na chekeche limeziba. Zima swichi kubwa, fungua kifuniko, nyundo zilizolika zigeuze au zibadilishe zote kwa pamoja ili mhimili usitetemeke. Usiiache mota izunguke tupu ukisubiri mteja. Kisha chukua daftari, wiki nne, andika asubuhi na jioni uniti zilizosomeka kwenye Luku na idadi ya madebe uliyosaga, sembe mbali na dona. Gawanya uniti kwa madebe. Hiyo ndiyo namba ya tatu ya yule Mjapani Kaya, kwa mashine yako. Niandikie utakachopata, kabla na baada ya kugeuza nyundo.